Mama Mmoja Mwenye Furaha

Sisi waandishi wa habari wa mji huu tulikuwa na siri yetu ambayo kila mtu aliijua. Tuliiita zamu. Mheshimiwa akifungua kisima, akizindua kampeni ya kunawa mikono, au akitoa hotuba ambayo hata mkewe asingeisikiliza, hatukwenda wote. Alikwenda mmoja, akakalia kiti cha plastiki, akapigwa na jua kwa niaba ya wenzake, kisha akaturushia habari kwenye kundi letu la simu. Wengine tulibadilisha sentensi ya kwanza, tukaweka majina yetu juu, tukaenda nyumbani mapema. Wahariri walijua na wakanyamaza. Msomaji aliyenunua magazeti mawili kwa siku moja angeshangaa jinsi tulivyoona mambo kwa jicho moja, lakini wasomaji wa namna hiyo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wauza karanga wanaotafuta karatasi za kufungia.

Aliyeanzisha zamu alikuwa Mkongwe, mwandishi wa gazeti pinzani, mtu aliyekuwa kazini tangu enzi za taipureta na ambaye hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Alikuwa na sheria moja tu: aliye kwenye zamu lazima atume picha ya meza kuu na maneno mawili, "Niko hapa." Bila hayo, hakuna kuandika. Tulimcheka sana kwa sheria hiyo. Sasa natamani tungemjengea sanamu, maana siku aliyoivunja yeye mwenyewe ndiyo siku iliyonitia mimi kwenye haya ninayoyasimulia.

Mashine iliingia chumba chetu cha habari kwa njia ya semina, kama balaa nyingi. Mtaalamu mmoja mwenye viatu vyenye ncha alitukusanya, akatuonyesha ukutani jinsi akili bandia inavyoweza kuandika habari kabla hujamaliza kupiga chafya. Mwandishi wa michezo alisema hii ni dharau kwa taaluma, akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hataigusa. Mwandishi wa mahakama alisema ataacha kazi. Mimi, wa habari za afya, nilisema kitu kirefu kuhusu utu ambacho sikikumbuki vizuri tena, na nashukuru. Wiki haikuisha. Wa michezo alikuwa anaiambia mashine iandike mechi aliyosimuliwa na kinyozi wake. Wa mahakama aliitumia kumwandikia mkewe ujumbe wa kuomba msamaha, na mkewe, ambaye si mjinga, akamrudishia ujumbe huo na swali moja: huyu aliyekuandikia ameoa?

Mhariri wetu wa habari tulimwita Motomoto, kwa sababu kila habari aliitaka ikiwa bado moto. Yeye ndiye aliyeipa mashine jina. Ukimpelekea tatizo lolote, habari fupi, kichwa kibovu, mtu aliyekataa kupokea simu, alikujibu bila kuinua macho: "Umemuuliza Mjomba?" Na kweli alikuwa mjomba. Hanyimi, hachoki, hakuulizi ulikuwa wapi. Unampa sentensi tatu, anakurudishia ukurasa mzima uliopigwa pasi. Watu waliokuwa hawawezi kumaliza aya bila kujikwaa sasa wote waliandika kama mtu mmoja, aliyesoma sana na ambaye hajawahi kutoka nje ya nyumba.

Lakini Mjomba alikuwa na ugonjwa wake. Kila habari, iwe ya barabara, ya chanjo au ya mafuriko, aliiwekea mtu mwishoni: mama mmoja mwenye furaha, aliyeomba jina lake lisitajwe, akiwashukuru wakubwa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hata kwenye habari ya wizi wa nyaya za umeme, mama alikuwepo na furaha yake. Mtaalamu wa viatu vyenye ncha aliporudi tukamuuliza mama huyu katoka wapi. Akatujibu bila kutucheka, na hapo ndipo alipotuumiza: mashine imelishwa magazeti yenu wenyewe ya miaka iliyopita. Tukatazama sakafu. Kila mmoja wetu alimjua yule mama. Tulimzaa sisi, mchana wa joto, mhariri akipiga kelele, habari imepungukiwa aya moja na hakuna mtu wa kumpigia simu. Mjomba hakuwa amezua kitu, alikuwa amerithi.

Zamu nayo ikanoga. Zamani tulitofautiana sentensi ya kwanza tu, sasa kila mmoja alimpa Mjomba habari ya mwenzake akamwambia aiandike kama mtu aliyekuwepo. Mjomba alitii. Kwa hiyo katika tukio moja Mheshimiwa alikata utepe mwekundu kwenye gazeti letu, wa buluu kwenye gazeti la Mkongwe, na redioni alikata keki. Jua liliwaka ukurasa huu, manyunyu yakaanguka ukurasa ule. Hakuna aliyelalamika. Motomoto alifurahi, akasema sasa gazeti limepata sauti yake. Ile "Niko hapa" ya Mkongwe ikafifia polepole, mara leo mtu kasahau, kesho mwingine kasahau, mpaka aliyekumbuka akaonekana mshamba.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa mzaha wa kazini tu.

Mdogo wangu, kitindamimba wa nyumba yetu, alikuwa mjamzito na presha ilikuwa juu. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza ndani ya teksi, kwenye foleni ya magari, akielekea hospitali kuu, ambayo iko upande wa pili wa mji na barabara yake huchimbwa kila mwaka na watu ambao hakuna anayejua wanatafuta nini. Safari hii daktari alimwambia wazi: uchungu ukianza, awe mahali penye mkunga na dawa, upesi, la sivyo atampoteza na huyu, au atapotea yeye. Akamwamuru alale, asizungukezunguke. Na karibu na kwake, ng'ambo ya uwanja wa shule, ilikuwa inajengwa zahanati mpya yenye wodi ya wazazi. Paa lake lilionekana kutoka uani.

Kila wiki alinipigia simu. Dada, wameweka mabati. Dada, wanashusha vitanda, au yale ni makabati? Dada, wanafungua lini? Aliniuliza mimi, si jirani wala diwani, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika habari za afya gazetini. Mumewe, shemeji yangu, fundi seremala mpole asiye na maneno, alikuwa akikata makala zangu na kuzibandika ukutani juu ya meza ya kulia, kando ya kalenda. Mama mkwe wa mdogo wangu, aliyeishi nao, alikula kila siku akitazamana na jina langu. Katika nyumba ile, jambo ambalo halijatoka kwenye gazeti la dada lilikuwa uvumi.

Taarifa ya ofisi ya Mheshimiwa ilikuja: Jumanne asubuhi atafungua zahanati rasmi, wanahabari mnakaribishwa. Zamu ilikuwa ya Mkongwe. Nilijiambia kwamba safari hii nitakwenda hata kama si zamu yangu, kwa ajili ya mdogo wangu. Jumanne ilipofika, Motomoto akanipa ukurasa mzima wa faida za mboga za majani ili nimsimamie Mjomba anapouandika, kana kwamba angetoroka. Nikajiambia si neno, Mkongwe yuko kule.

Mkongwe hakuwa kule. Alikuwa kwa daktari wa meno. Jino lilimwamsha kabla ya jogoo, na kwa kuwa ni mtu wa kuheshimu wajibu, aliikumbuka zamu yake akiwa kwenye benchi la kusubiri, shavu mkononi. Akafanya ambalo sote tungelifanya. Alimpa Mjomba wa gazeti lao ile taarifa ya mwaliko, akamwambia aandike kama tukio limekwisha, akamtumia mhariri wake kwa kidole kimoja. Hakuwa na wasiwasi. Redio watakuwepo tu, aliwaza, redio hawawezi kuishi bila sauti, na kama kuna kilichobadilika atakisikia kwao jioni.

Redio wakaiona habari ya Mkongwe mtandaoni, wakasema mzee yuko kule, twende kufanya nini? Wakampa Mjomba wao. Gazeti la jioni likawaona redio. Mimi nikawaona wote, na moyo ukatulia. Nilichukua ya Mkongwe na ya redio, nikamwambia Mjomba azichanganye na aongeze ladha. Akaongeza manyunyu ya baraka, akaongeza vigelegele, na mwishoni akamleta mama mmoja mwenye furaha, aliyeomba jina lake lisitajwe: "Sasa hatutateseka tena, mlango uko wazi wakati wote." Kwa kawaida nilimfuta. Siku hiyo sikumfuta. Kusema kweli nilimpenda, niliona kwa mara ya kwanza amekuja mahali panapomfaa.

Na Mkongwe, akiwa ametoka kung'olewa, pamba mdomoni, alipofungua simu na kuona mji mzima umeandika, tena kwa manyunyu na vigelegele ambavyo yeye hakuvitia, alimshukuru Mungu. Sasa alikuwa na hakika kwamba tukio limefanyika.

Halikufanyika. Mheshimiwa aliahirisha. Maji yalikuwa hayajaunganishwa, wakunga hawajapangwa, na vile vitanda, kama mdogo wangu alivyoshuku, vilikuwa makabati. Ofisi yake ilituma taarifa ya pili kusema hivyo, mapema kabisa. Lakini barua pepe zetu zote Motomoto, kama wahariri wengine wa mji, alikuwa amemkabidhi Mjomba azifupishe, na Mjomba, ambaye hapendi kumuudhi mtu, alizikunja taarifa mbili zikawa mstari mmoja: maandalizi ya zahanati yanaendelea vizuri.

Nilimtumia mdogo wangu habari yangu kwenye simu, nikamwandikia, "Imefunguliwa." Akanijibu, "Dada, leo nitalala."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba mama mkwe alitia shaka. Alisema mbona Jumanne hakusikia kipaza sauti, na wakubwa hawafungui hata choo bila kipaza sauti. Mdogo wangu akamwonyesha simu. "Mama, gazeti limeandika." Shemeji alileta gazeti lenyewe Jumatano jioni, akaikata habari kwa wembe, akaibandika ukutani. Mama mkwe akaamua kwamba masikio yake yamezeeka.

Alhamisi asubuhi uchungu ukaanza. Shemeji alikuwa ameshakwenda karakana na simu yake huwa haisikiki kwenye mashine ya randa. Mama mkwe akamfunga mdogo wangu shuka kiunoni, akachukua begi la vitu vya mtoto, na kwa kuwa alijua walinzi wa mahali papya huwa na maswali mengi, akaibandua habari yangu ukutani akaitia kifuani. Wakavuka uwanja wa shule polepole, hatua na kupumzika. Haya yaliyofuata nayasema kama alivyonisimulia yeye, na yeye haongezi ladha.

Mlango ulikuwa na mnyororo na kufuli. Kibao cha ufunguzi kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mlinzi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasikiliza redio, redio ile ile. Mama mkwe akamwambia afungue. Mlinzi akasema ufunguo anao mkandarasi. Mama mkwe akatoa gazeti. Mlinzi alikuwa mtu makini, akalisoma lote mpaka kwa mama mwenye furaha, na likamchanganya. Akainuka, akaenda akautikisa mlango, kana kwamba labda ulifunguliwa yeye akiwa amesinzia. Akazunguka nyuma, akautikisa na ule mwingine. Akarudi.

"Mama," akasema, "lakini hapa wameandika uko wazi."

Wakapoteza muda pale, watu wazima wawili, wakibishana na kufuli kwa kutumia gazeti langu.

Mdogo wangu hakuwangoja. Alijifungulia kibarazani, juu ya maboksi ya makabati yaliyokunjuliwa, mama mkwe akimpokea mtoto kwa mikono yake, mlinzi amewapa mgongo ameshika koti lake kwa mikono miwili kama pazia. Mtoto, wa kike, alilia vizuri. Mama yake damu haikukata. Lori la mkandarasi lililokuwa limeleta saruji ndilo lililombeba kwenda hospitali kuu, barabara ile ile, foleni ile ile, dereva akipiga honi mpaka honi ikamfia mkononi.

Mimi nilikuwa kwenye mkutano wa asubuhi. Motomoto alikuwa anatusomea ni habari zipi zimesomwa zaidi mtandaoni, na ya zahanati ilikuwa inaongoza. Wenzangu walikuwa wananipigia makofi simu ilipoita. Shemeji, mtu asiye na maneno, alinipa machache: "Njoo hospitali. Hali mbaya."

Nilimkuta mdogo wangu ameongezewa damu, amelala, rangi imemtoka kabisa. Daktari alisema ataishi, ila ameponea chupuchupu. Akatuuliza ni nani aliyemwambia mgonjwa wa presha aende kwenye jengo tupu. Shemeji aliangalia viatu vyake. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mtoto mapajani, damu imekauka kwenye nguo zake. Nikamwamkia. Akaniitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akatoa kile kipande cha gazeti kifuani, akakinyoosha juu ya goti, akalitazama jina langu.

"Mchuma janga hula na wa kwao," akasema. "Lakini wewe mwenzetu hata hukula. Umetupakulia sisi."

Nililia pale pale, mbele ya watu, kamasi na vyote. Hakuninyamazisha, na sikustahili kunyamazishwa.

Nilirudi ofisini nikiwa na hasira ya kuweza kuwasha jenereta. Kabla hata sijakaa nikampigia Mkongwe.

"Si ulikwenda wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa nang'olewa jino," akasema. "Si mlikwenda nyinyi? Yale manyunyu aliyaona nani?"

Hakuna aliyeyaona. Tukaanza kuulizana kwenye simu, redio, gazeti la jioni, mpaka yule wa televisheni aliyetumia picha ya zahanati ya mji mwingine. Kila mmoja alikuwa na hakika juu ya mwenzake. Mji mzima wa waandishi, na hakuna hata mguu mmoja uliokanyaga pale. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini wao hawakutujua sisi, ambao tunategemea cha ndugu halafu anakufa mtu mwingine. Mkongwe akasema, kwa sauti ya shavu lililovimba, kwamba ile sheria yake ilikuwa na maana.

Nikamwendea Motomoto. Nikamwambia tuombe radhi, ukurasa wa kwanza, kesho. Alinisikiliza kwa huruma, akanivutia kiti, akaniulizia hali ya mtoto. Ndipo akaanza kunielimisha. Tukikanusha peke yetu, tutaonekana sisi ndio wazushi. Tukikanusha wote, wasomaji wataanza kuuliza na mengine. Kosa la gazeti moja ni kosa, alisema, ila kosa la magazeti yote ni habari iliyothibitishwa. Hakutabasamu alipolisema hilo. Nikamuuliza mbona ofisi ya Mheshimiwa yenyewe haikukanusha. Swali lilimshangaza. Nani anakanusha sifa? Mheshimiwa alikuwa amempigia yeye binafsi kushukuru, na alikuwa amemuulizia hasa yule mama mwenye furaha, kama anaweza kupatikana apande jukwaani wakati wa kampeni.

Nikaenda kwenye meza yangu nikaandika mwenyewe, bila Mjomba. Nilikuwa nimesahau jinsi kazi hii inavyouma. Sentensi ya kwanza ilinigomea mpaka chai ikapoa. Lakini ikaja, na baada yake zikaja nyingine: kufuli, ndoo, maboksi, koti la mlinzi, honi. Sikutia chumvi, habari yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikampelekea Motomoto, nikamwambia isipotoka naacha kazi. Akaisoma yote. Alipoinua macho nadhani yalikuwa yameloa kidogo. Si mtu mbaya, ni mhariri tu. Akasema itatoka kesho, ukurasa wa kwanza, na jina langu juu. Aliongeza kwamba ina jazba kidogo, atampa Mjomba ailainishe. Mimi nilikuwa nimechoka, nikasikia ukurasa wa kwanza tu.

Jioni ile ile ofisi ya Mheshimiwa, iliyokwisha kusikia kwamba kuna mtoto amezaliwa kwenye zahanati yake, ilituma taarifa ya kumpongeza mzazi. Mjomba akapewa taarifa na akapewa habari yangu. Azichanganye.

Asubuhi nikanunua gazeti njiani kama mtu baki. ZAHANATI MPYA YAPATA MTOTO WA KWANZA. Kufuli lilikuwa limegeuka "changamoto ndogo za mwanzo." Mlinzi alikuwa "mhudumu aliyejali faragha ya mgonjwa." Lori la saruji lilikuwa "usafiri wa dharura." Damu haikuwepo mahali popote. Na mwishoni kabisa, mahali pake pa siku zote, alikuwepo mama mmoja mwenye furaha, aliyeomba jina lake lisitajwe: "Nilipokelewa kwa tabasamu. Namshukuru Mheshimiwa." Nilimvamia Motomoto ofisini bila kubisha hodi. Yeye alinipokea kwa furaha, ya kweli kabisa, kwa sababu aliamini ameniokoa. Mtoto si amezaliwa pale? akaniuliza. Basi ile habari yako ya Jumanne sasa si uongo tena. Nilimpa maneno ambayo hata Mjomba angeshindwa kuyalainisha, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Mdogo wangu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilikwenda kwake na kinasa sauti. Nilikuwa na mpango. Nitachukua maneno yake kwa sauti yake mwenyewe, niyapeleke kwa yeyote atakayekubali kuyatoa kama yalivyo. Mama mkwe aliniitikia salamu akaendelea kuosha vyombo. Ukutani, juu ya meza ya kulia, makala zangu zote zilikuwa zimebanduliwa. Zilibaki alama za gundi na kalenda. Shemeji alikuwa anakwangua gundi kwa kisu, taratibu, asiharibu rangi.

Mdogo wangu alikuwa kitandani ananyonyesha, gazeti la ukurasa wa kwanza kando yake. Nikamwomba radhi, nikamwambia kila kitu, jino, manyunyu, Mjomba, vyote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, Dada," akasema.

Nikamweleza mpango wangu. Asimulie tu yaliyompata, mimi sitagusa hata neno. Nikabonyeza kitufe, nikakiweka kinasa sauti juu ya shuka. Akakitazama, kisha akalichukua gazeti kwa mkono uliokuwa wazi.

"Mbona nimeshaongea nanyi," akasema. Akasoma polepole. "'Nilipokelewa kwa tabasamu.' Huyu si mimi?"

"Si wewe. Unajua si wewe."

"Aliyezaa pale ni mmoja tu, Dada. Kama si mimi, ni nani?"

Kisu cha shemeji kilikuwa kimeacha kukwangua.

"Basi nenda kamhoji huyo," akasema. "Yeye ana furaha, na kuongea nanyi hachoki. Akikwambia wanafungua lini, mimi usiniambie."

Ningeweza kuondoka hapo, na labda ingekuwa heshima zaidi. Lakini nikamwambia kwamba mtaani kwake kuna wajawazito wengine, na kwamba kuna nyumba ambazo ile habari ya Jumanne bado iko ukutani. Hilo lilimwingia. Alimtazama mtoto, akamhamishia titi la pili, akamfunika vizuri.

"Waambie mlango una kufuli," akasema mwishowe. "Lakini jina langu usilitaje."

Maisha yangu yote ya kazi nimeliandika hilo la mtu aliyeomba jina lake lisitajwe, na hakuna aliyewahi kuniomba. Yeye alikuwa wa kwanza. Nilikizima kinasa sauti, nikamuaga mama mkwe, nikavuka uwanja wa shule kwa miguu.

Kufuli lilikuwa pale pale. Mlinzi alikuwa juu ya ndoo yake, na aliponiona nimebeba mkoba akaniuliza kwa wasiwasi gazeti limeandika nini tena. Nikapiga picha ya mlango, nikaituma kwenye kundi, nikaandika maneno mawili: "Niko hapa." Mkongwe akajibu kwamba anakuja, nimsubiri. Wengine wakaniletea vidole gumba, na yule wa redio akaniuliza kama nimeona mama yeyote mwenye furaha hapo karibu.